Niliipeleka Antiokia Kangeta

Mmeniuliza sana, nyinyi wa baraza letu la Alhamisi, na kila mmoja ana habari yake. Mmoja kasikia nilifukuzwa kanisani. Mwingine kasikia nilimwaga kikombe cha Bwana sakafuni. Sikumwaga kitu, wala sikufukuzwa, ingawa niliambiwa niketi na sikuketi. Nitawasimulia njia yote kama nilivyoipita. Mkinikatiza kabla sijafika Kangeta hamtaelewa kwa nini nilisimama.

Mjomba wangu Kaberia, ndugu ya mama, ni mkulima wa miraa huko Kangeta, katika Igembe. Ni mshirika wa kanisa lake tangu ujana. Lakini kanisa hilo lina sharti moja: mwenye miraa haigusi Meza ya Bwana. Anaimba, anatoa sadaka, anafagia uwanja, kisha mkate ukipita anaangalia dari. Mwaka huu alichoka. Alinipigia simu akasema wageni wa makao makuu wanakuja Jumapili, na yeye atakwenda kuketi mstari wa mbele.

"Wewe si ndiye unaandika hadithi ya ule mji?" akaniuliza. "Ule ambao Paulo alimwambia Petro ukweli mbele ya watu?"

"Antiokia, anko."

"Basi uje nayo."

Embu hadi Chuka

Ijumaa kabla ya Jumapili hiyo magari ya abiria ya Embu yalikuwa yamegoma. Nilisimama barabarani hadi lori la makreti matupu likasimama. Dereva aliitwa Njeru, mtu wa Runyenjes, mwenye kofia ya sufu na kicheko kinachoanzia tumboni. Alikuwa akienda kununua ndizi. Nilipanda mbele, na mlima ukawa upande wetu wa kushoto, umefunikwa na wingu zito.

Njeru alitaka kujua naenda wapi. Nilipotaja Kangeta akapiga usukani.

"Kutoka kwa muguka wetu wa Embu unaenda kwa miraa ya Meru! Wewe ni msaliti, dada."

"Mama yangu ni wa huko."

"Ndiyo maana. Watu wa huko wanatudharau. Ati sisi tunakula majani kama mbuzi, wao wanakula gome la mti kama watu wa heshima."

Nikamweleza kesi ya mjomba, na kwamba nampelekea habari ya Antiokia. Akabadilisha gia kwenye mteremko, kisha akauliza Antiokia inahusikaje. Nikamwambia. Miaka yote nikiandika riwaya yangu nimeishi katika mji huo zaidi kuliko nilivyoishi Embu. Nauona mto wake Oronte ukipita kando ya kuta, nauona msongamano wa Wasiria, Wagiriki na Wayahudi sokoni. Watu waliokimbia mateso ya Yerusalemu walifika pale wakiwa na imani yao mpya, na mwanzoni waliwaambia Wayahudi wenzao tu. Kisha wakaja watu wa Kipro na wa Kirene, na hao wakafungua mdomo kwa kila mtu.

"Kirene ni wapi?"

"Afrika. Upande wa Libya."

"Ngoja. Waafrika ndio walianza hiyo maneno?"

"Walikuwamo. Na hapo Antiokia ndipo wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Watu wa mji ndio waliowapa jina. Wengine hudhani lilianza kama utani."

Njeru alicheka mpaka lori likayumba. "Yaani ni kama sisi kuitwa watu wa muguka! Halafu unalivaa hilo jina, unatembea nalo kifua mbele."

Hapo nilimpenda. Nimekaa katika makongamano ya waandishi ambako hakuna aliyenielewa upesi hivyo. Mvua ilianza tukiwa karibu na Chuka, nami nikasinzia kichwa kikigonga kioo.

Antiokia ya kwanza

Niliamshwa na Njeru akinigusa bega. Tulikuwa tumepita Chuka, mahali fulani kabla ya Nkubu, na mvua ilikuwa ikinyesha kama inamwagwa.

"Mimi naingia huku ndani kwa ndizi," akasema. "Wewe shuka, umefika."

"Nimefika wapi?"

Akaelekeza kidole. Kando ya barabara palikuwa na nyumba ya mabati ya buluu, na juu ya mlango maandishi makubwa ya rangi nyekundu: ANTIOKIA HOTELI NA KINYOZI.

"Ulisema unapeleka habari ya Antiokia," akasema Njeru bila aibu yoyote. "Nikajua utaanzia kwa Mama Makena. Kila mtu anamjua."

Lori likaondoka likinirushia tope. Sikujua nicheke au nilie. Niliingia nikiwa nimelowa hadi mfupani, na mwanamke mnene mwenye leso kichwani akainua mikono.

"Bwana asifiwe! Mhubiri amefika!"

Ndani walikuwapo akina mama wapatao kumi wakingoja mvua iishe. Walikuwa wameahidiwa mhubiri mgeni kutoka upande wa Embu, na mimi nilikuwa mgeni kutoka Embu. Nilisema mimi ni mwandishi wa riwaya. Mama Makena akasema hata Luka alikuwa daktari. Akanipa kikombe cha chai ya maziwa na sahani ya githeri yenye parachichi juu, kisha akanisimamisha karibu na kiti cha kinyozi.

Basi nikahubiri, Mungu anisamehe. Niliwaambia jambo lenyewe nililokuwa nikilipeleka Kangeta. Petro alipofika Antiokia alikula meza moja na watu wasiotahiriwa, akifurahi. Kisha wakaja watu kutoka Yerusalemu, watu wakubwa wa makao makuu, naye akaanza kujitenga na meza ile kwa kuwaogopa. Wengine wakamfuata. Ndipo Paulo akamkabili uso kwa uso, mbele ya wote.

"Kwa sababu ya chakula tu?" akauliza mmoja.

"Kwa sababu ya nani anakaa na nani wakati wa chakula."

Mama Makena alikubali kwa kichwa. "Hapa kwangu anakula dereva, mlevi na mzee wa kanisa. Mchungaji wetu wa zamani aliona hivyo akaniambia, hii basi ni Antiokia. Nikapaka rangi."

Mvua haikukatika, nikalala kwake. Tulipokuwa tukiosha vyombo nilimweleza habari za mjomba. Alishangaa, lakini kwa jambo ambalo sikulitarajia.

"Si aseme miti ni ya kijana wake?"

"Vipi?"

"Wote hufanya hivyo! Nina binamu aliyeolewa Igembe. Miti kwenye shamba lake ni ya shemeji. Ya shemeji ni ya mpwa. Ya mpwa ni ya mtu ambaye hajaokoka, yuko mjini. Mchungaji akiuliza, hakuna mwenye miraa kanisa nzima." Akanitazama kama mtu anayemhurumia mtoto mgumu kufundishika. "Mjomba wako hajui kusema hivyo?"

"Anajua. Hataki."

"Ai," akasema Mama Makena, akaweka sufuria chini polepole.

Gakoromone

Asubuhi gari la maziwa lilinifikisha Meru mjini. Soko la Gakoromone lilikuwa limeamka zamani: milima ya kabichi, viazi vya Kibirichia bado vina udongo, wanawake wakiita bei kwa sauti za kuimba. Nilitafuta chombo cha kunipeleka Kangeta, na hapo nikakutana na kichekesho cha barabara hiyo. Magari yote ya kasi ni ya miraa, na yote yanateremka. Pikapu zilipita zikipiga honi kama zinabeba mgonjwa, marobota yamefunikwa magunia yenye unyevu, dereva hageuzi hata shingo. Kupanda kwenda huko hakuna mwenye haraka.

Niliokolewa na Bi Rukia, mfanyabiashara wa mtaa wa Majengo anayepeleka nafaka Maua, kwa kupitia Kangeta, kwa kenta, lori lake dogo. Babu yake alikuja Meru na biashara, akaoa hapa, na Bi Rukia anaongea Kimeru cha kugombana na Kiswahili cha kubembeleza. Aliniambia nitapanda, ila kwanza nimsaidie kuchambua maharagwe, kwa kuwa mteja wake ana jicho la mwewe. Nikaketi juu ya gunia.

"Mjomba wako anagombania mkate?" akauliza, vidole vikitupa vijiwe pembeni.

"Anagombania kukaa, mama. Kama walivyogombana Antiokia."

"Antakia? Mji ule sisi tunao." Akaacha kuchambua. "Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alitusimulia tukiwa wadogo. Waliletewa wajumbe, wakawakataa. Akaja mtu mmoja mbio kutoka mwisho wa mji, akawaambia jamani wasikilizeni hawa, hawawaombi malipo. Wengi wanasema mji ule ndio Antakia."

Nilikuwa nimeisoma habari hiyo nikifanya utafiti wa riwaya, lakini sikuwahi kuisikia kwenye mdomo wa mtu.

"Na yule mtu alifanywaje?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Walimuua. Lakini alikuwa ameshasema." Akanirushia konzi ya maharagwe. "Haya chambua, mwanangu. Hata wewe unatoka mwisho wa mji, na mwendo wako si wa mbio."

Kianjai

Gurudumu lilipasuka Kianjai. Dereva akaenda kutafuta fundi, fundi alikuwa mazishini, na sisi tukakaa chini ya turubai la muuza mitumba. Bi Rukia akafungua hotpoti: wali wa nazi na maharagwe, kachumbari kwenye kikopo. Akaninawisha mikono kwa maji ya chupa, tukala sahani moja. Muuza mitumba, kijana mwenye msalaba wa mbao shingoni, alikaribishwa akakaa bila kujivuta. Hakuna aliyemuuliza mwenzake anamiliki nini.

Nilimweleza Bi Rukia ile hila ya shemeji na mpwa. Alifikiri akitafuna.

"Mimi nafanya biashara," akasema. "Mtu akija kuniambia deni si lake, ni la ndugu yake, namcheka tu. Lakini mtu akisema mti alioupanda babu yake si wake, huyo simcheki. Huyo amekwisha."

"Mchungaji mwenyewe anakula kwa mjomba kila Jumanne," nikasema.

"Anakula?"

"Na anaomba baraka juu ya chakula."

Bi Rukia akaangua kicheko hadi akashika mbavu. "Mwanangu, nenda. Hata kama ni kwa miguu, nenda!"

Kangeta, Jumamosi

Tulifika alasiri. Soko la miraa lilikuwa katika dakika zake za vita: wanaume wakifunga vifurushi kwa majani ya mgomba, vidole vyepesi kuliko vya mpiga zeze, wanunuzi wakibishana, pikipiki zikikatiza katikati. Vilima vya Nyambene vilikuwa vimejaa miti hiyo yenye magome mekundu. Harufu ya majani mabichi ilinikumbusha likizo zangu za utotoni.

Mjomba alinipokea kwa mikono miwili. Ni mtu mfupi, mkavu, mwenye macho ya kuchekesha. Alinipa uji wa wimbi uliochacha kidogo, akanipeleka shambani moja kwa moja, kwenye mti mzee kuliko wote, shina lake limepinda kama mtu anayejikuna mgongo.

"Huu ndio ulinipa Kanana," akasema.

Kanana alikuwa mke wake, tulimzika miaka mingi iliyopita. Kwa desturi ya Igembe, kijana anayekwenda kuomba mke hupeleka ncoolo, kifurushi cha miraa bora kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Baba wa msichana akikipokea, mazungumzo yameanza. Mjomba alikata ncoolo yake kwenye mti ule.

"Wazee wa kanisa wananiambia niseme mti ni wa Koome." Koome ni mwanawe, yuko Nairobi. "Koome hajawahi kupanda hata sukuma wiki! Na nikisema mti haukuwa wangu, ile ncoolo ilikuwa ya nani? Kanana alikuwa mke wa nani?"

Nilishika shina lile.

Kabla jua halijatua, Mchungaji Mutuma akaja. Ni kijana, mpole, na nilimpenda, jambo lililoniudhi. Aliomba baraka, akala mukimo na kuku wa mjomba, akaramba kidole, kisha akasema alichojia.

"Mzee, kesho wageni wako hapa. Nakuomba usikae mbele. Nitakuletea Meza hapa nyumbani, Jumanne, mimi na wewe tu."

Mjomba aliweka kijiko chini. "Mimi si mgonjwa, Mchungaji. Meza huletewa mgonjwa. Mimi nina miguu."

"Basi sema tu ni ya Koome. Neno moja. Mimi mwenyewe nitakupa mkate kwa mkono wangu."

"Ukijua ni uongo?"

Mchungaji akatazama mifupa ya kuku. "Wale watu wanaweza kunihamisha, Mzee. Nina watoto shuleni."

"Kula paja," akasema mjomba kwa upole. "Lakini kesho nitakaa mbele."

Kangeta, Jumapili

Kanisa lilijaa. Wageni watatu wa makao makuu walikaa kwenye viti vya kitambaa, mkubwa wao mzee wa suti ya kijivu. Mjomba alikaa mstari wa mbele akiwa na koti lake la harusi, nami kando yake. Hubiri lilikuwa refu. Kisha sinia la mkate likainuliwa, na Mchungaji Mutuma, akisoma karatasi bila kuinua macho, akatangaza sharti: mwenye miraa asiguse.

Nikasimama.

"Mchungaji, jana ulikula wapi?"

Mchungaji aliinua macho kwenye karatasi.

"Huyu ni mshirika wa hapa?" akauliza mzee wa suti.

"Ni binti wa dada yake Kaberia," mtu akajibu.

"Aketi."

"Nitaketi nikimaliza, mzee wangu. Antiokia, mji uliotupa jina tunaloitwa, ilikuwa na meza moja. Petro alikula hapo vizuri mpaka wakubwa walipofika, kisha akahama kiti. Paulo hakumwendea Jumanne, kimya kimya. Alimwambia pale pale, wote wakisikia. Nami namwambia Mchungaji wangu, ambaye ni mtu mwema: jana ulikula kuku wa mtu huyu na ukaombea baraka chakula chake. Kama nyumba yake ni safi Jumamosi, imechafuka lini?"

"Antiokia si Kangeta," akasema mzee wa suti.

"Ndiyo maana nimeileta."

Mtu nyuma akacheka, akajizuia. Mzee wa suti akapunga mkono, ibada iendelee. Mchungaji alikuwa amegeuka rangi ya majivu, lakini alimpa mzee wa kanisa sinia, na sinia likaanza kupita. Nilijua nimeshindwa. Lilipofika kwa mjomba, mzee wa kanisa akaliinua juu ya kichwa chake, kama mtu anayevusha maji moto juu ya mtoto, akampa mama aliyekaa upande wa pili. Huyo ni Mama Kathure, mwenyekiti wa akina mama.

Mama Kathure alilishika sinia. Alilitazama muda mrefu. Kisha akalipitisha bila kuchukua kitu.

"Ile miraa ya shemeji ni yangu," akasema. "Shemeji yuko Mombasa. Hajui hata shamba liko wapi."

Kicheko kidogo kikapita, cha hofu. Mwanamume aliyefuata akapokea sinia, akakohoa, akalipitisha. "Ya mpwa ni yangu," akanong'ona, lakini kanisa zima lilisikia. Mwingine alipitisha tu. Mstari wa pili ukapitisha, na wa tatu. Nilikuwa nikisikia miguu ya mzee wa kanisa kwenye saruji, na mabati yakilia kwa joto. Sinia lilizunguka kanisa zima likarudi mbele limejaa kama lilivyoondoka.

Kwa desturi yao, wageni na mchungaji hula mwisho. Mzee wa suti alikuwa tayari ameshika kipande chake. Alitazama watu, akatazama kipande. Mchungaji Mutuma alichukua chake, akakirudisha. Hakusema neno. Paulo ameandika alichomwambia Petro, lakini Petro alijibu nini hakuandika, na tangu siku ile sishangai. Wageni wakafunga ibada kwa sala fupi sana, wakatoka bila kungoja chakula kilichoandaliwa.

Akina mama walikibeba chakula kile, masufuria na yote, wakakileta uani kwa mjomba. Hakuna aliyewaambia. Viti vilitolewa, migomba ikakatwa majani ya kutandika. Nje ya ua, mvua ya usiku ilikuwa imeifanya njia itokayo kanisani kuwa uji, na gari la wageni lilikuwa limezama hadi kwenye ekseli. Vijana wakalisukuma bila bidii nyingi.

Ndipo nikamwona Mchungaji Mutuma. Alikuwa amesimama langoni, viatu vimejaa tope, Biblia kwapani. Watu wakageuka mmoja mmoja. Mjomba alikuwa akigawa nyama, hakuacha.

"Mzee, naweza kuingia?"

"Wageni wameenda?"

"Bado. Gari yao imekwama hapa nje."

"Wanakuona?"

Mchungaji akageuka. Kwenye kioo cha gari nyuso tatu zilikuwa zimeelekea kwetu.

"Wananiona."

Mjomba akavuta kiti, akakiweka katikati ya uwazi wa lango, mkabala na gari.

"Basi ingia."